Kodi juu ya mali au juu ya kipato? Tunachojifunza kutokana na zaka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, kuna malalamiko yanayojirudia vibarazani. Mwalimu wa skuli anakatwa kodi kabla mshahara haujafika mkononi mwake, na unapofika, nusu yake tayari ni ya mwenye duka. Mtaa huohuo yupo mwenye viwanja vitano visivyojengwa, anavyovingojea vipande bei. Kwa kuwa havijauzwa, havijazaa "kipato", na kwa hivyo havilipiwi kodi ya mapato. Watu wanauliza: je, haki si kutoza mali aliyonayo mtu badala ya jasho lake? Wengine wanaongeza: je, zaka si ndiyo hiyo kodi ya mali? Na kama nimeshakatwa kodi, nina haja gani ya kutoa zaka?

Haya ni maswali matatu yaliyofungwa katika fundo moja. Tutayafungua moja baada ya jingine, inshaAllah.

Mjadala wenyewe ni upi?

Kodi ya kipato hutazama kinachoingia: mshahara, faida ya biashara, kodi ya nyumba. Kodi ya mali hutazama kilichopo: fedha, ardhi, majengo, hisa, baada ya kuondoa madeni. Tofauti yake inaonekana vizuri kwa mfano. Watu wawili wana shilingi milioni 40 kila mmoja. Wa kwanza amezifungia, wa pili amefungulia duka na anapata faida. Chini ya kodi ya kipato, aliyezifungia halipi kitu na mwenye duka analipa. Chini ya kodi ya mali, wote wawili wanalipa sawa, na aliyezilaza ndiye anayeumia zaidi kwa sababu hana faida ya kulipia.

Mwanauchumi wa Ufaransa Maurice Allais, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, aliitetea fikra hii kwa miaka mingi. Alitaka kodi juu ya mtaji ichukue nafasi ya kodi ya mapato, ili anayefanya kazi na kuzalisha apumue, na anayelalia mali asukumwe kuitumia.

Nchi kadhaa zimejaribu kutoza mali, ingawa kwa kuiongeza juu ya kodi ya mapato, si kwa kuibadilisha. Norway inayo kodi hiyo tangu karne ya 19, na Uswisi inaitoza kupitia majimbo yake. Lakini nyingi ziliiacha. Ujerumani haikuitoza tena tangu mwaka 1997, baada ya mahakama yake ya katiba kuona kwamba ardhi na fedha hazikuthaminiwa kwa usawa. Sweden iliifuta mwaka 2007. Katika nchi wanachama wa OECD, 12 zilikuwa nayo mwaka 1990. Kufikia 2017 zilibaki 4. Mwaka uliofuata Ufaransa nayo iliifuta kodi yake ya mali kwa jumla, ikabakisha ile ya majengo na ardhi peke yake.

Sababu ni tatu: mali ni ngumu kuithamini, ni rahisi kuificha au kuihamisha, na wapo wenye mali wasiokuwa na fedha taslimu. Hili la tatu linatugusa sisi watu wa visiwani. Katika kisiwa cha Île de Ré, magharibi ya Ufaransa, walikuwapo wakulima na wastaafu wa kipato kidogo waliokaa katika ardhi za wazee wao. Matajiri wa mijini walipoanza kununua nyumba za mapumziko huko, bei ya ardhi ilipanda, na wenyeji wakajikuta wanahesabiwa katika kodi ya matajiri ilhali mfukoni hawana kitu. Nasi tunaona namna ardhi ya pwani inavyopanda thamani. Bibi kizee mwenye nyumba ya urithi ufukweni si tajiri kwa sababu tu jirani yake amejenga hoteli.

Zaka inatazama nini?

Wengi husema zaka ni kodi ya mali. Neno hilo ni kweli nusu yake. Kwanza, zaka ni ibada na nguzo ya Uislamu. Ina nia, ina malipo mbele ya Allah, na wanaoipokea ni makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Pili, haitozwi kwa kila mali. Inatozwa kwa mali inayokua au iliyoandaliwa kukua, iliyofikia nisabu. Fedha na bidhaa za biashara zina sharti pia la kutimiza hauli, yaani mwaka mzima wa Kiislamu. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85 na ya fedha (madini) ni gramu 595, kwa makadirio ya wanavyuoni wengi wa zama hizi, na kiwango ni 2.5%.

Nyumba unayoishi, chombo chako cha kuvulia, cherehani ya fundi, gari ya kazi: vyote hivi havina zaka. Kwa hiyo yule bibi wa ufukweni, sharia imemhifadhi tangu mwanzo. Kiwango cha 2.5% ni kikubwa kuliko viwango vya kodi nyingi za mali za Ulaya, lakini kinashuka juu ya ziada, hakishuki juu ya paa la mtu wala zana yake.

Tatu, zaka inagusa pia kinachoingia. Mazao hutolewa zaka siku ya kuvunwa, kama ilivyoelekezwa katika Suratul An'am, aya ya 141, bila ya kungoja mwaka. Kiwango ni 10% kwa kilichomea kwa mvua na 5% kwa kilichomwagiliwa kwa gharama. Rikazi, yaani hazina ya kale iliyofukuliwa, ina 20%. Imam Ibnul Qayyim ameeleza hekima iliyomo: kila jasho linapozidi, fungu linapungua. Hazina isiyo na jasho, moja ya tano. Mvua ya Mola, moja ya kumi. Kumwagilia, nusu yake. Biashara inayomchosha mtu mwaka mzima, robo ya moja ya kumi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Sharia haikuchagua mali dhidi ya kipato. Imeuliza mambo mawili: je, ni ziada? Na imepatikana kwa taabu gani?

Na mali iliyolazwa haikuachwa. Imepokewa kutoka kwa Umar bin Al-Khattab (R.A.) kwamba aliamrisha mali ya yatima ifanyiwe biashara ili zaka isiimalize. Turudi kwa yule aliyefungia milioni 40. Mwaka wa kwanza atatoa milioni 1. Akiendelea kuzilaza miaka kumi na kutoa zaka kila mwaka, maadamu zimefikia nisabu, zitabaki karibu milioni 31. Zaka inamwambia: zitie kazini, watu wapate riziki, nawe upate cha kutolea.

Ama tatizo la kuficha mali, Waislamu walilikabili mapema. Wanavyuoni waligawa mali kuwa za dhahiri, kama mifugo na mazao, na za siri, kama dhahabu, fedha na bidhaa. Tangu zama za Khalifa Uthman bin Affan (R.A.), mali za siri waliachiwa wenyewe kuzitolea zaka kwa amana. Mkusanyaji haingii kabatini kwa mtu. Lakini anayeficha anajua anamficha nani, na kwamba hakuna nchi ya kuhamia ambako Allah haoni.

Dola ikihitaji zaidi ya zaka

Wako wanavyuoni, miongoni mwao Imam Al-Ghazali na Imam Ash-Shatibi, walioruhusu kiongozi kuwawekea matajiri mchango wakati hazina imekauka na haja ya umma ni ya kweli. Waliweka masharti: haja ithibiti, mzigo uwe wa uadilifu, na zinazokusanywa zitumike pale zilipokusudiwa.

Matukio mawili yanaonyesha walivyolisimamia hilo. Wamongoli walipokaribia Misri, Sultani Qutuz alitaka kuwatoza watu kwa ajili ya jihadi. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam alimjibu kwamba hilo linafaa ikiwa hazina haina kitu, na baada ya maamiri kutoa mapambo yao ya dhahabu na vitu vyao vya thamani, kila mmoja abakie na farasi na silaha yake, wawe sawa na raia. Jeshi hilo ndilo lililowashinda Wamongoli Ain Jalut mwaka 1260. Baadaye, Sultani Baybars alipotaka fatwa ya namna hiyo huko Sham, inasimuliwa kwamba Imam An-Nawawi, ambaye Minhaj yake inasomeshwa mpaka leo katika darsa zetu, alikataa kuitilia saini. Alimkumbusha Sultani mikanda ya dhahabu waliyovaa watumwa wake na vito vya wajakazi wake.

Wote wawili ni wa madhehebu ya Shafii, na maneno yao yanakutana: anza na dhahabu iliyokaa kabla ya kugusa mkate wa mfanyakazi. Hatusemi kwamba hii ni hukumu ya kufuta kodi ya mapato. Mpangilio wa kodi ni katika mambo ya utawala yanayopimwa kwa maslahi, na hapa kwetu kodi ya mapato ni jambo la Muungano lenye sheria yake. Lakini mizani wameturithisha: ziada itangulie, maskani na zana zisalimike, na asiye na kitu asikamuliwe. Suratul Hashr, aya ya 7, inatufundisha kwamba mali isiwe ya kuzunguka baina ya matajiri peke yao.

Hukumu kwa familia

Tunaeleza hapa kwa kufuata zaidi madhehebu ya Shafii, kwani ndiyo yenye wafuasi wengi visiwani.

*Mshahara.* Kwa wanavyuoni walio wengi, hakuna zaka kwa mshahara unaoingia na kutumika. Kilichobakia kikafikia nisabu na kutimiza hauli ndicho kinachotolewa. Sheikh Yusuf Al-Qaradhawi ameona utolewe unapopokelewa, kwa kuulinganisha na mazao. Wepesi kwa mwenye akiba ya kidogo kidogo ni kuchagua siku moja ya mwaka, kwa mfano katika Ramadhani, akatolea zaka zote alizonazo siku hiyo.

*Vyombo vya dhahabu.* Dhahabu ya halali anayoivaa mwanamke kwa kadiri ya desturi haina zaka kwa Shafii. Kwa Hanafi inayo. Ama iliyowekwa kama akiba, au iliyozidi mpaka wa desturi, ina zaka ikifikia nisabu. Mwenye kutaka kutoka katika khitilafu na atoe. Ni bora kwake.

*Viwanja.* Kiwanja ulichonunua kwa nia ya kukiuza ni bidhaa ya biashara: kila mwaka kithamini kwa bei ya soko la siku hiyo na utoe 2.5%. Kwa Maliki, anayengojea bei ipande hutoa mara moja tu anapouza. Kiwanja cha kujengea nyumba yako hakina zaka. Cha urithi pia hakina, hata ukinuia kukiuza, mpaka kiuzwe, na fedha zake zifikie nisabu na kutimiza hauli mkononi mwako.

*Nyumba na milango ya maduka ya kukodisha.* Jengo halina zaka. Zinatolewa fedha za kodi yake zikitimiza masharti. Hivi ndivyo ilivyoamua Akademia ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jeddah mwaka 1985.

*Mpunga, mahindi, mtama.* Vina zaka siku ya mavuno vikifikia wasaki 5, zinazokadiriwa kuwa kama kilo 653.

*Karafuu na nazi.* Kwa Shafii si chakula kikuu cha kuhifadhiwa, kwa hiyo hazina zaka ya mazao. Kwa Hanafi zinayo. Fedha za mauzo zikikaa mwaka na kufikia nisabu zinatolewa. Na anayenunua karafuu kwa ajili ya kuziuza, huyo ana zaka ya biashara.

Je, kodi inatosheleza zaka?

Haitoshelezi. Kodi haina nia ya ibada, haina nisabu ya sharia, na haipelekwi kwa makundi manane. Anayeihesabu kodi yake kuwa ndiyo zaka, haki ya fakiri imebaki shingoni mwake. Lakini kodi uliyokwishalipa kabla ya hauli haimo tena katika mali yako, huitolei zaka. Unahesabu ulichobakiwa nacho.

Kwa hivyo, ndugu yetu mwenye kuumia na makato ya mshahara, huenda wewe huna zaka kabisa, bali huenda unastahiki kupewa. Na ndugu yetu mwenye viwanja vitano, usifurahi kwamba havilipiwi kodi ya mapato. Kama ulivinunua kuuza, vina hesabu yake kila mwaka, iwe kuna anayekuuliza au hakuna. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) Yemen, alimfahamisha kwamba sadaka hii huchukuliwa kwa matajiri wa watu na kurejeshwa kwa mafakiri wao. Basi tazama kwanza jamaa na jirani wenye kustahiki, au ipeleke kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Tunamuomba Allah azitakase mali zetu na nyoyo zetu, na awape viongozi wetu uadilifu katika wanayoyakusanya na wanayoyatumia. Mwenye suala lenye upekee wake, kama mirathi isiyogawiwa au madeni, amuendee sheikh wa karibu naye na hesabu zake mkononi.

Wallahu a'lam.