Kiangazi cha Raskazone: Bahari, Sinema na Shoga wa Mama

Najua nimekuwa kimya siku nyingi, na kisingizio changu ni kimoja tu: joto. Kaskazi likishika kama hivi, mtu mwenye akili zake hakai ndani kuandika. Anakwenda kuoga bahari.

Basi Jumapili nikamchukua Mama, nikamwambia twende Raskazone tukapunge upepo. Njiani tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, pweza kidogo na madafu mawili. Tukatafuta kivuli, tukaketi. Mama akatazama maji kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, nyinyi siku hizi mnastarehe vibaya."

Nikacheka. Nikamuuliza vibaya vipi, na mihogo hii mikononi? Akanionyesha kwa kidevu vijana wanne waliokaa karibu yetu. Wote wameinamia simu, kila mmoja na visikilizi vyake, kila mmoja anatazama picha yake. "Wamekuja pamoja," akasema, "lakini kila mtu yuko sinema yake."

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki nzima. Nikaamua kuifukua kidogo historia ya starehe za mji huu. Sikutaka kujua walikula nini na walitazama nini tu. Nilitaka kujua pia nani aliruhusiwa kustarehe na nani. Hilo la pili huwa tunalisahau tunapoimba "Tanga raha".

Tuanze hapo hapo tulipoketi. Raskazone haikuanza kuwa mahali pa kuogelea na kula chipsi. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Novemba 1914, hapa ndipo walipoteremka askari wa kwanza wa jeshi la Uingereza, wengi wao wakiwa wametolewa India, waje kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani. Jeshi lote lilikuwa na watu wapatao 8,000. Upande wa pili Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Lakini kulikuwa na jeshi la tatu ambalo halikuhesabiwa na mtu: nyuki. Walivurugwa mizinga yao na risasi, wakashambulia kila aliyekuwa mbele yao. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakiacha bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Mpaka leo Waingereza wenyewe wanayaita mapigano yale vita vya nyuki. Mji waliuchukua baadaye, Julai 1916.

Walipouchukua wakaupanga kwa mtindo wao, juu ya ule waliouacha Wajerumani. Anayeijua Tanga anaijua ramani hiyo hata bila kuambiwa. Raskazone na Bombo, penye upepo wa bahari, palikuwa pa Wazungu. Katikati ya mji, penye maduka, pa Wahindi. Waafrika walikuwa Ngamiani, kwenye barabara zile zilizopewa namba badala ya majina. Upepo wenyewe uligawanywa kwa rangi! Na klabu za enzi hizo zilikuwa vivyo hivyo: Wazungu kwao, Wahindi kwao. Mwafrika aliingia klabu akiwa na sinia mkononi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasifu starehe tulivu za Tanga ya zamani, muulize kwa upole: starehe za nani?

Hapa ndipo sinema inapoingia, na ndiyo maana naiona ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani.

Tanga ilikuwa na majumba ya sinema yaliyojulikana pwani nzima: Majestic, Regal na Novelty. Haukuwa mji pekee. Unguja Hassanali Adamjee Jariwalla alifungua Royal mwaka 1921. Dar es Salaam walikuwa na Empire, Avalon na mengine, na mwaka 1966 wakapata hata sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Wenye majumba haya walikuwa zaidi wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliozaliwa na kukulia hapa hapa. Nao walikuwa na hesabu rahisi: kiti kitupu hakilipi. Hivyo mlango wa sinema ulimpokea mwenye senti, awe mwenye duka, karani au mpagazi wa bandarini.

Sisemi ilikuwa pepo. Viti vilitofautiana kwa bei, na bei ilifuata mifuko, na mifuko ilifuata rangi. Wakaguzi wa serikali ya kikoloni nao waliweza kuruhusu picha kwa Wazungu na Wahindi, kisha wakaikataza kwa Waafrika, eti itawaharibu. Lakini taa zikizimwa watu wote walicheka mahali pamoja na kulia mahali pamoja. Katika mji uliokuwa umegawanywa hata upepo, hilo si jambo dogo.

Na fedha? Fedha ilitoka kwenye mkonge. Mjerumani Richard Hindorf alileta miche mwaka 1893, ikasalia 62 tu iliyo hai, na kutoka kwenye hiyo 62 likaota jeshi zima la mashamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani zipatazo 230,000, hazijafikiwa tena tangu hapo. Mkata mkonge mwenyewe alilipwa kidogo, lakini fedha ilizunguka mjini: bandarini, relini, madukani, na jioni ikaishia dirishani kwa mkata tiketi. Muziki nao ukapata chakula chake. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walipigia Tanga dansi, na Black Star, pamoja na sauti ya Bi Shakila, wakaipa taarabu gitaa la besi na kinanda cha umeme. Sasa niambie ni mji gani ungeweza kushindana?

Turudi kwa Mama. Yeye ni mtoto wa Ngamiani. Baada ya uhuru shule za ubaguzi wa rangi zilifutwa, ndivyo alivyojikuta dawati moja na binti wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Wakawa mashoga. (Enyi mnaocheka huko nyuma, nasema shoga kwa maana yetu ya pwani, rafiki wa kike wa mwanamke!) Siku za shule walikaa pamoja. Likizo ya Desemba ilipoingia, Jumapili zilikuwa na ratiba isiyobadilika: asubuhi bahari, mchana sinema.

Kwenda sinema Jumapili ilikuwa sherehe. Nguo zilipigwa pasi tangu Jumamosi. Nje ya mlango kulikuwa na karanga kwenye vikoroboi vya karatasi, kachori, bajia, embe mbichi za chumvi na pilipili, maji ya ukwaju. Picha ikiwa kali, foleni ilizunguka ukuta na walanguzi wa tiketi wakapata riziki yao. Intavali ilipofika watu walitoka kunywa kitu na kubishana: stelingi atapona au hataponi? Na jibu la watoto wa mjini lilikuwa lile lile: stelingi hauawi!

Lakini picha za Kihindi zilikuwa na lugha yake, na Mama hakuijua. Hapo ndipo shoga alipofanya kazi. Aliketi kushoto kwake, akamnong'oneza Kiswahili sikioni kwa muda wa saa tatu. Mama anasimulia walivyoitazama Aradhana, picha ya mwaka 1969 ya Rajesh Khanna na Sharmila Tagore. Rajesh ni rubani, anakufa kwenye ajali, mpenzi wake anabaki na mimba na aibu. Mama akalia mpaka kitambaa kikalowa. Baada ya muda Rajesh huyo huyo anatokea, mzima, anacheka! Mama akasimama kwenye kiti, akasema kwa sauti, "Si amekufa huyu?" Ukumbi ukaangua kicheko. Shoga akamvuta gauni: "Keti, wewe! Huyu ni mtoto wake."

Tangu hapo, Mama anasema, kila mtu aliyemwona mtaani akifanana na baba yake, wao wawili waliangua kicheko bila kuelezana.

Nimemuuliza walipendea nini picha za Kihindi kuliko za Kizungu. Jibu lake lilinifundisha kuliko vitabu. Picha ya Kizungu, alisema, mvulana na msichana wakipendana kazi imekwisha. Ya Kihindi ndiyo kwanza imeanza: kuna mama mkwe, kuna umaskini, kuna heshima ya ukoo, kuna mwenye fedha anayemtaka binti. "Yale yalikuwa ya kwetu. Tulikuwa tunatazama barazani kwetu." Ndiyo sababu Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilirudiwa miaka na miaka pwani hii, na ndiyo sababu Juma Bhalo wa Mombasa alivalisha mashairi ya Kiswahili mahadhi ya Kihindi, watu wakaona sawa tu.

Halafu ukaja mwaka 1971. Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sababu yake ilieleweka: mjini watu wachache walikuwa na nyumba nyingi na wengi walikuwa na kodi tu ya kulipa. Kwa mpangaji wa Kiafrika ilikuwa habari njema. Lakini jengo lililozidi miaka 10 halikulipwa fidia, na familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimeweka akiba ya kizazi kizima kwenye kuta. Majengo yakaenda kwa Msajili wa Majengo, baadhi ya majumba ya sinema yakiwemo. Maelfu wakafunga mizigo kwenda Uingereza, Canada na India. Wote wawili walikuwa na haki yao, mpangaji na yule aliyejenga, na mimi sina uhodari wa kuwahukumu kwenye ukurasa mmoja. Ninachojua ni kwamba mapema mwaka 1972 dawati la Mama lilibaki na mtu mmoja.

Wiki ya mwisho walikwenda Raskazone, si sinema. Walikula mihogo. Mama anasema hawakuagana vizuri, kwa sababu wote wawili waliamini ni safari ya kurudi.

Sinema zenyewe hazikufa siku hiyo. Miaka ya 70 ilileta Bruce Lee na vijana wakavunja matofali ya watu. Usambazaji wa filamu ulikuwa umeshikwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikaadimika, na nchi inayopanga foleni ya sukari haina dola za kununulia picha mpya. Kanda zikawa kuukuu, zinakatika katikati, watu wanapiga mbinja. Deki za video zikaingia majumbani. Mwaka 1994 televisheni ikafika Tanzania Bara, miaka takriban ishirini nyuma ya Zanzibar. Mwenye uwezo akaona kwa nini atoke? Mlango mmoja mmoja ukafungwa.

Kizazi changu kilipata vibanda vya video. Benchi la mbao, jasho, na sauti ya Lufufu akitafsiri picha za Kichina kwa Kiswahili chenye chumvi nyingi kuliko bahari. Ukiangalia vizuri, Lufufu alikuwa anafanya kazi ile ile ya shoga wa Mama, ila kwa kipaza sauti. Baadaye tukaanza kutengeneza za kwetu, tangu Shamba Kubwa ya mwaka 1995 hadi enzi ya marehemu Kanumba, na mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ikatoka nje kuonyesha kwamba tunaweza. Kwa hiyo sikubali kwamba filamu zimekufa. Filamu ni nyingi kuliko wakati wowote. Kilichopungua ni ukumbi, ile sehemu ambayo mtoto wa Ngamiani na mtoto wa mwenye duka wanacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana Raskazone inaniuma roho. Ni mojawapo ya kumbi chache tulizobakiwa nazo. Bahari haina lugha ya kutafsiriwa. Lakini hata huku unapita kuta na mageti mengi kabla hujayaona maji, na ukifika, kiingilio na bei ya soda vinachagua nani akae. Ubaguzi wa rangi tuliufuta. Ule wa mfuko unaingia taratibu, na haupigi hodi. Tusipoangalia, watoto wetu watakuja kuuliza: starehe za nani?

Jumapili ile, jua linazama nyuma ya mji, nikamwambia Mama siku hizi kuna intaneti, niipe jina la shoga wako nimtafute. Akafikiri. Akasema, "Nikimpata nitamwambia nini? Kihindi changu kimebaki cha nyimbo." Nikanyamaza. Tukakusanya maganda yetu, tukaanza kuondoka. Tulipofika barabarani akanishika mkono.

"Mtafute," akasema. "Ukimpata mwambie sinema hatuna tena, lakini mihogo ipo."

Naendelea kumtafuta. Nanyi wasomaji, kama kuna mtu ambaye hamjatazama naye picha muda mrefu, mpigieni leo. Simu iwekeni mfukoni mkifika. Wikiendi njema!