Lugha ya mpira kwa anayeanza: kuotea, kumi na nane na bao la ugenini

Mombasa ni mji wa mpira. Feisal ya hapa kwetu ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, na Bandari ikabeba kombe la Shield mwaka 2019. Hata hivyo, wako wengi wanaokaa barazani mechi ikijadiliwa wasijue kinachogombaniwa ni nini. Makala haya ni yao.

Mechi: Kila timu huingiza wachezaji 11, mmoja wao golikipa. Huchezwa dakika 90 katika vipindi viwili, kisha refa huongeza dakika zilizopotea kwa majeruhi na kubadilisha wachezaji.

Bao: Mpira wote lazima uvuke mstari wote. Ukisalia juu ya mstari hata kidogo, si bao.

Kumi na nane: Ni lile eneo kubwa mbele ya goli, lenye kina cha yadi 18, yaani mita 16.5. Humo golikipa huruhusiwa kudaka, ila si mpira aliorudishiwa kusudi kwa mguu na mwenzake. Beki akimwangusha mshambuliaji humo kwa rafu ni penalti, inayopigwa mita 11 kutoka golini.

Kadi: Njano ni onyo. Njano mbili ni nyekundu, na timu hubaki pungufu.

Kuotea: Zogo nyingi huanzia hapa. Huangaliwa pale mwenzako anapoupiga mpira, si pale unapoupokea. Ukiwa nusu ya wapinzani, umeutangulia mpira na umempita mpinzani wa pili kutoka mwisho, umeotea. Kwa kawaida wa mwisho ni golikipa, hivyo mtazame beki. Ukilingana naye hujaotea, na mikono haihesabiwi. Kusimama tu hapo si kosa mpaka uingilie mchezo. Kwenye kona, mpira wa kurusha na golikiki hakuna kuotea.

Bao la ugenini: Mwaka 2019, katika Kombe la Shirikisho la Afrika, Bandari ilitoka 0-0 na Al Ahly Shendi ya Sudan jijini Nairobi, kisha 1-1 kule Sudan. Sare mbili, lakini Bandari ikasonga mbele, kwa kuwa jumla zikilingana bao la ugenini lilikuwa na uzito zaidi. Ulaya iliiacha kanuni hii mwaka 2021, basi uliza kwanza kila shindano lina masharti gani.

Mshika kibendera hukimbia pembeni akilingana na beki wa mwisho kwa sababu ya kuotea. Aliyekaa nyuma ya goli hawezi kuona anachokiona yeye. Kabla hujamwita mwizi, jiulize: mpira ulipopigwa, wewe ulikuwa unamtazama nani?