Hesabu ya Kura Iliyopotea Njiani

Mwaka 105, konsuli wa Roma aitwaye Afranius Dexter alikutwa amekufa. Je, alijiua? Aliuawa na watu wa nyumbani kwake? Au aliwaamuru wao wenyewe wammalize? Seneti ikakaa kuamua hatima ya watumwa wake wa zamani aliokuwa amewapa uhuru. Maseneta wakagawanyika makundi matatu: waachiwe, wapelekwe uhamishoni kisiwani, au wauawe.

Pliny Mdogo, wakili mzoefu, alitaka waachiwe. Kundi lake lilikuwa kubwa kuliko kila moja ya yale mawili, lakini halikufika nusu ya baraza. Akaona waliotaka kifo wamekaa upande mmoja na waliotaka uhamisho, utadhani wana neno moja. Akapinga: kuua na kuhamisha si jambo moja, kila rai ihesabiwe peke yake. Alikubaliwa. Papo hapo aliyetoa hoja ya kifo akaiacha, akahamia kwa watu wa uhamisho, na wenzake wakamfuata. Hesabu ya Pliny ikaharibika.

Baadaye alimwandikia mwanasheria Titius Aristo kumuuliza kama alifuata utaratibu. Barua hiyo ipo hadi leo, na ukiisoma unamwona mtu anayedhani swali lake ni la sheria tupu. Kumbe amegusa pia hesabu na maadili: watu wale wale, wenye rai zile zile, wanaweza kutoa uamuzi mwingine kwa kuulizwa kwa mpangilio mwingine tu.

Njia inapotelea hapo kwa karne nyingi. Mwaka 1299 Ramon Llull, mwanafalsafa wa Majorca, aliandika kwamba wagombea washindanishwe wawili wawili. Nicholas wa Cusa akanakili andiko hilo katika karne ya 15, kisha vumbi likalifunika tena. Andiko jingine la Llull kuhusu uchaguzi lilikuja kugunduliwa katika maktaba ya Vatikani mwaka 1959.

Paris ilipiga hatua ndefu zaidi. Borda, afisa wa jeshi la majini, alipendekeza wagombea wapewe alama kwa nafasi walizopangiwa. Mwanahisabati Condorcet akajibu kwa kitabu mwaka 1785, na humo ndimo lilimo fumbo lililobeba jina lake. Tuseme wapiga kura watatu wanamchagua mwenyekiti. Wa kwanza anampendelea Asha, kisha Baraka, kisha Chande. Wa pili: Baraka, Chande, Asha. Wa tatu: Chande, Asha, Baraka. Asha anamshinda Baraka kwa kura mbili kwa moja. Baraka anamshinda Chande vivyo hivyo. Na Chande anamshinda Asha. Kila mpiga kura anajua anachotaka, lakini kikao kizima kinazunguka palepale.

Condorcet alifia korokoroni mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa aliyoyaunga mkono, na hoja yake ikasahaulika. Mimi naona ilisahaulika kwa sababu haikuwa na mwenyewe. Wanahisabati waliona ni siasa, wanasiasa wakaona ni hesabu.

Aliyeifufua alikuwa mchumi wa Scotland, Duncan Black. Februari 1942, akiwa zamu ya usiku katika kasri la Warwick kuangalia moto wa mabomu, alichora mchoro wa kamati inayopiga kura, akaona kitu. Kisha akaanza kufukua maktaba, akawakuta Borda, Condorcet, na hata vijitabu vya kura vya Charles Dodgson wa Oxford, yule yule aliyeandika hadithi za Alice kwa jina la Lewis Carroll.

Kenneth Arrow alifika kwa njia nyingine. Mwaka 1948 mwanafalsafa Olaf Helmer alimuuliza: nadharia ya michezo inazungumzia dola kana kwamba kila dola ina matakwa yake, je, hilo lina maana? Arrow alikuwa amesoma mantiki kwa Alfred Tarski, na jibu lake la mwaka 1951 lilikuwa kali. Machaguo yakiwa matatu au zaidi, hakuna utaratibu wa kuunganisha matakwa ya watu unaotimiza masharti machache ya kawaida, isipokuwa ule unaomfanya mtu mmoja dikteta.

Wanasheria hawakuachwa nyuma. Lewis Kornhauser na Lawrence Sager walionyesha jambo linaloweza kutokea katika jopo la majaji watatu. Je, mkataba ulikuwepo? Je, ulivunjwa? Jaji wa kwanza anasema ndiyo mara mbili. Wa pili anasema ulikuwepo lakini haukuvunjwa. Wa tatu anasema mdaiwa alifanya alichokatazwa, ila mkataba wenyewe haukuwepo. Mahakamani huhesabiwa hukumu ya kila jaji: mdai anashindwa kwa kura mbili kwa moja, ingawa kila hoja yake imeungwa mkono na majaji wawili. Mwaka 2002 wanafalsafa Christian List na Philip Pettit walilitoa fumbo hilo nje ya mahakama, wakalithibitisha kwa mtindo wa Arrow kwa kundi lolote linaloamua kwa hoja.