Kikwamuo: Jina la Ubao wa Kutolea Gari Topeni

Mtu aliyekaa Donholm misimu miwili mitatu ya mvua hahitaji kufasiriwa maana ya kukwama. Ardhi hii ya mashariki ya Nairobi, ambayo zamani ilikuwa shamba la mlowezi lililoitwa Doonholm, na ambayo jina lake ndilo lililochukuliwa na barabara tuijuayo leo kuwa ya Jogoo, ni ardhi ya ule udongo mweusi ambao mafundi wa ujenzi huuita blakikotoni: wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono mzima, na mvua ikinyesha huvimba, ukaziba nyufa zake, ukanata kama ulimbo na kuteleza kama mlenda kwa wakati mmoja. Mgeni atakayedhani kwamba sifa mbili hizo haziwezi kukutana mahali pamoja na aje mwezi wa Aprili, aiache lami, aingie kichochoro chochote.

Gari langu lilizama hadi ekseli hatua thelathini kutoka langoni pangu. Vijana wa mtaa wakaja na mawe, matawi, magunia, na mwishowe mikeka ya ndani ya gari lenyewe, na gurudumu likavitupa nyuma vyote, kimoja baada ya kimoja, kama mtu akataaye zawadi. Mpaka jirani yangu, ambaye ni mzoefu wa safari za Magadi, akaleta mbao mbili za plastiki zenye meno, akazisukuma chini ya tairi, nami nikatoka polepole bila kelele. Kijana mmoja, aliyepakwa tope kuanzia magotini hadi kidevuni, akaniambia, "Mzee, nunua hizo vitu za kukwamua." Wakati ule sikutambua ya kuwa ameniwekea istilahi mkononi.

Kiingereza hukiita chombo hiki ubao, kisha hukiongezea neno lenye maana ya ule ushikaji wa gurudumu na ardhi. Hakika gari haliendi kwa nguvu ya injini peke yake, bali kwa msuguano. Na udongo wetu, ukiisha kujaza mifereji ya tairi, huligeuza gurudumu kuwa duara laini, lizungukalo pasipo kusogea, na kila mzunguko huchimba shimo kwa kina zaidi. Wako waliopendekeza tuseme ubao wa mvuto, lakini mvuto tumekwisha kuupa kazi ya kuliangusha embe kutoka mtini, na haifai kuutwisha mzigo wa pili. Wengine husema ubao wa mshiko. Neno hili lina haki kiasi, ila vijana wa Tanzania wamelifanya mshiko kuwa jina la fedha, na wale wanaosukuma magari ya watu kwa ujira hapa kwetu wangeweza kudai kuwa ubao huo ni mali yao kwa haki ya lugha.

Nilipojaribu kutafuta pwani nikakuta kupwelewa, neno zuri la chombo kilichoachwa na maji juu ya fungu. Lakini chombo kilichopwelewa hungoja bamvua likakiinua, ilhali gari la Donholm halina bamvua la kulingojea. Likingoja, tope hukauka likalikamata kama saruji. Basi nikarudi kwa kijana wangu. Kiswahili kina kiambishi cha kutengua, ambacho kwacho kufunga huzaa kufungua, na kunasa huzaa kunasua. Kadhalika kukwama huzaa kukwamua. Tukichukua kitenzi hicho tukakivika ki- ya vitu na -o ya mwisho, tunapata kikwamuo, na wingi wake vikwamuo.

Faida ya jina hili ni kwamba limeshika kazi na kuliacha umbo. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford mwishoni mwa miaka ya 1920, alitumia vyuma vyenye umbo la mfereji, vilivyotengenezwa kuezekea mahandaki ya Vita vya Kwanza, ambavyo alivipata kwa muuza vyuma chakavu wa Kairo; na alitumia ngazi za kamba pia. Mwaka 1941 Wamarekani wakajaribu huko Marston, North Carolina, vipande vya chuma vyenye matundu vya kutandika viwanja vya ndege, wakaviita mikeka, na baada ya vita wasafiri wa jangwani wakavitia chini ya magurudumu. Mwaka 2005 Australia ikaleta MAXTRAX, ubao wa nailoni. Mfereji, ngazi, mkeka, ubao: kila umbo limekuja na jina lake, na vyote ni vikwamuo.

Mwenye kununua naye na aulize swali la jina hilo: kitanikwamua wapi? Katika mchanga hata meno mafupi hutosha. Katika blakikotoni, meno yaliyosongamana hujaa udongo mara moja, na ubao ukawa bapa. Shurti yawe marefu na yaachane, ili tope lipate pa kutokea. Chuma hubeba mzigo mkubwa lakini kikipinda hubaki kimepinda. Nailoni njema hupinda ikarejea, ila plastiki duni huvunjika, na hata ile njema huyeyuka meno dereva akikanyaga mafuta kwa hasira na gurudumu likasugua mahali pamoja. Anayetaka daraja la kuvukia mtaro atafute alumini au chuma. Na kikwamuo hutiwa mbele ya gurudumu linaloendeshwa na injini: Probox nyingi ni za mbele, Hiace za matatu ni za nyuma. Nimeshuhudia watu wazima wakibishana juu ya jambo hili huku mvua ikiwanyeshea.

Nami nilinunua viwili, na jirani akanihadharisha nivifunge kamba ndefu ya rangi kali kabla ya kuvitumia. Sikumsikiliza. Gari lilitoka, kikwamuo cha kwanza tukakipata kwa jembe baada ya nusu saa. Cha pili tulikiona Julai, udongo ulipopasuka.