Mabepari wa Venisi: Nani Bepari, Nani Myahudi?

Mwaka 1969 Oxford University Press ilitoa tamthiliya mbili za Kiswahili ambazo hazifanani hata kidogo. Moja ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambayo wahakiki wetu wameitafuna mpaka imebaki mifupa. Ya pili ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice. Hii husifiwa kwa maneno mawili, "tafsiri nzuri", halafu hurudishwa kabatini. Makala haya yanaitoa tena kwa swali moja: huyu Myahudi, Shylock, alifanywa nini alipoingia katika Kiswahili?

Wapo watakaosema swali lenyewe halituhusu. Kwetu Suma, huku Rungwe, Myahudi hajafungua duka wala hajamkopesha mtu hata senti. Tunamjua kwa Biblia na kwa igizo la Pasaka, basi. Wamisionari wa Kimoraviani na wale wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na tangu hapo wajukuu wa wafugaji na wakulima wa ndizi wamekuwa wakiyasikia majina ya Kiyahudi kila Jumapili. Lakini hebu tulitazame igizo hilo kihakiki. Yesu ni Myahudi. Petro, Mariamu, Yuda, makuhani, umati mzima, wote Wayahudi. Sasa muulize kijana aliyecheza Petro kama amecheza Myahudi, atakukatalia katakata! Neno hilo limeachiwa wale wanaopiga kelele asulubiwe. Wala si ushamba wetu sisi. Kule Oberammergau, Ujerumani, igizo la mateso linachezwa tangu 1634 kwa mgawanyo huohuo. Hitler alikwenda kulitazama mwaka 1934, na ilibidi lisahihishwe mara kadhaa baada ya vita ili kupunguza sumu hiyo.

Shakespeare naye, kumbe, alikuwa karibu na sisi kuliko tunavyodhani. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1656. Yeye aliandika tamthiliya hii kati ya 1596 na 1597 hivi. Waliokuwapo London waliishi kama Wakristo. Daktari wa Malkia Elizabeth, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi, alinyongwa mwaka 1594 kwa tuhuma za kutaka kumtilia malkia sumu, na mji mzima ulimzungumza. Kwa hiyo Shylock alizaliwa kwa uvumi na kwa kumbukumbu za mtu aliyenyongwa. Ajabu ni kwamba pamoja na hayo amepewa hotuba ya kudai kuwa naye ni mtu mwenye mwili na maumivu, ambayo hadi leo inamshinda mwigizaji goigoi.

Turudi kwenye jina la kitabu, maana kiini kiko hapo. Mfanyabiashara anayetajwa katika jina la Kiingereza ni mmoja, naye ni Antonio, wala si Shylock, ingawa wengi hudhani hivyo. Nyerere akaweka wingi. Tena hakusema "wafanyabiashara". "Bepari" ni neno lililotujia kutoka India likiwa na maana hiyohiyo ya mtu wa biashara, lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa tayari ni tusi. Sasa basi, mabepari ni akina nani? Antonio ana merikebu baharini. Bassanio anakopa ili akaoe mwanamke tajiri, na haoni haya kusema hivyo. Na waheshimiwa waliojaa mahakamani wana watumwa: Shylock mwenyewe anawakumbusha kwamba wamewanunua na kuwatumikisha kama wanyama, na hakuna anayemjibu. Msomaji ajuaye kwamba soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873 hana haja ya kufafanuliwa hapo.

Kwa maoni yangu wingi ule si wa bahati mbaya. Nyerere huyuhuyu, katika mjadala wa uraia wa Oktoba 1961, aliwafananisha na Hitler wale waliotaka uraia utolewe kwa rangi, akatishia kujiuzulu. Mtu wa namna hiyo hawezi kutafsiri kisa cha Myahudi usingizini. Jina lake linaieneza hatia: Venisi yote ni ya wanyonyaji, na Myahudi ni mmoja wao tu, tena yule asiyeruhusiwa kukaa mezani.

Lakini neno "bepari" mitaani lilikuwa na sura. Aprili 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa, na nyingi zilikuwa za Waasia. Bepari wa katuni na wa ngonjera alikuwa na kitambi na duka, na mara nyingi alikuwa Mhindi. Ukimvalisha Shylock mavazi hayo watazamaji watacheka kabla hajafungua kinywa, lakini watakuwa wanamcheka jirani yao. Hapo wingi wa Nyerere unarudi kuwa umoja.

Na uhakiki wetu umesaidia kuurudisha. Tumezoea kuandika kwamba Shylock "anawakilisha tabaka la wanyonyaji" na Antonio "anawakilisha utu". Utu gani huo wa mtu anayemtemea mwenzake mate sokoni, na kuahidi kwamba atamtemea tena? Mwisho Shylock ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubatizwa, nasi tunaandika "haki imeshinda". Huo ni uvivu wa kusoma.

Wayahudi wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1903 Jacob Adler alimcheza Shylock jijini New York kwa Kiyidishi huku wenzake wote jukwaani wakisema Kiingereza, na ugeni wa mtu yule ukasikika hata kwa asiyeelewa neno. Ujerumani, kuanzia 1933, wasanii Wayahudi walifukuzwa kwenye kumbi za taifa wakaachiwa chama chao, Kulturbund, wawachezee Wayahudi wenzao tu. Nacho kikafungwa 1941. Miaka miwili baadaye, Vienna, Werner Krauss alimcheza Shylock wa kuchukiza katika mji ambao Wayahudi wake walikuwa wamekwisha kupelekwa kuuawa. Kabla ya hapo, mwaka 1936, Leopold Jessner, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani, aliiongoza tamthiliya hiyohiyo kwa Kiebrania mjini Tel Aviv na kundi la Habima. Kundi hilo lilikuja nayo London mwaka 2012, Globe, huku waandamanaji wakilipinga kwa kuwa lilikuwa limecheza katika makazi ya walowezi. Katika tamasha hilohilo Wakenya walicheza Shakespeare kwa Kiswahili, ila walichagua The Merry Wives of Windsor, kichekesho kisicho na mzigo. Na mwaka 2023 Tracy-Ann Oberman, mwigizaji Myahudi, alimfanya Shylock mama mjane wa London ya 1936, mafashisti wakiwa mlangoni kwake.

Kwetu jina limeshatoka kwa mwenyewe. Kenya "shylock" ni mkopeshaji yeyote wa mtaani. Tanzania tunasema mikopo ya "kausha damu", na mkopeshaji wa Tukuyu anaweza kuwa mwanakwaya, Mnyakyusa safi, aliyeweka rehani kadi ya benki ya mwalimu. Chama chetu cha maigizo kikitaka kuipandisha jukwaani Mabepari wa Venisi, ningeshauri kanzu, kitambi na lafudhi ya dukani vibaki stoo. Shylock avae kama wengine wote, ila pawe na kitu kimoja cha kumtambulisha, kwa maana Wayahudi wa Venisi walilazimishwa kuvaa alama na tangu 1516 kufungiwa geto usiku. Kisha tuone sehemu ya tano, ambamo yeye hayupo kabisa, na vijana wanapokea hati ya mali yake chini ya mwezi.