Boha ya Handeni na Korogwe: Kuonja na Kupambanua

Lutindi ilipofunguliwa mwaka 1896, katika milima ya Korogwe, kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, Wazigua na Wasambaa walikuwa na boha yao, pombe ya miwa. Ikiwa changa ni tamu. Ikilala hukolea ukali. Mwenyeji huionja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Lakini boha hiyohiyo ilimwagwa pia penye tambiko, na kwa sababu hiyo wamisionari waliitilia shaka. Ukarimu, ulevi na ibada ya mizimu ni mambo matatu mbalimbali. Mkuu wa meza kule Kana (Yn. 2:9-10) alionja, akalinganisha. Nasi tupambanue kwanza, tusije tukamfungia Meza ya Bwana mama aliyepika boha ya arusi tu.