Datsun 240Z na Porsche 911: Safari Ilisemaje?

Leo naweka kodi kando kidogo tuzungumze magari. Ukiuliza ni gari lipi la spoti lililokuwa bora miaka ya 1970, wengi watakutajia Porsche 911 bila kusita. Mimi nasema tuangalie matokeo kwanza.

Wajerumani waliionyesha 911 mjini Frankfurt mwaka 1963. Injini yake ya silinda sita, yenye nguvu za farasi 130, ilipozwa kwa hewa na ilikaa nyuma kabisa, kupita ekseli ya nyuma. Uzito huo uliifanya ipende kuteleza nyuma kwenye kona. Kwa macho ya mwandishi wa programu kama mimi, hiyo ni hitilafu ya usanifu. Lakini hawakuanza upya. Waliirekebisha toleo baada ya toleo: mwaka 1968, kwa mfano, walisogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 ili gari litulie.

Wajapani walikuja na 240Z mwishoni mwa 1969. Mpango wake ni wa kawaida tu: injini mbele, silinda sita kwa mstari mmoja, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Huko Marekani ilianza kuuzwa kwa dola 3,526, wakati Porsche ilikaribia bei mara mbili ya hiyo. Bado wengi waliidharau Japani, wakidhani inajua vigari vya bei rahisi tu.

Jibu lilitoka huku kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari lilo hilo. Mwaka 1973 Mehta alilingana alama na Harry Källström, naye pia wa Datsun, kisha kanuni zikampa Mehta ushindi. Na Porsche je? Nafasi ya pili mwaka 1972, ya pili 1974 nyuma ya Lancer ya Joginder Singh, na ya pili tena 1978 kupitia Vic Preston Mdogo. Miaka yote hiyo ya 1970, haikushinda hata mara moja!

Tuwe wa haki lakini. Safari haikupima mwendo pekee, ilihesabu dakika za kuchelewa katikati ya tope, vumbi na mashimo. Hayo si mazingira ya barabara kuu za Ujerumani. Tena mwaka 2011 Björn Waldegård, yule yule wa pili wa 1974, alishinda Safari ya magari ya kale akiendesha 911.

Uamuzi wangu? Kwa ustahimilivu wa wahandisi, nawapa Wajerumani. Lakini programu hupimwa mikononi mwa mtumiaji, si mezani kwa aliyeiandika. Kwa kipimo hicho, miaka ile, kombe ni la Datsun. Wewe ungechagua ipi?